Sitara ni ya Nani?

Plato, kwenye kitabu chake Jamhuri, ana kisa cha mchungaji wa Lydia aliyepata pete ya ajabu. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Basi swali likawa: mtu asiyeonwa na yeyote ana sababu gani ya kuwa mwema?

Chuoni Nairobi, kabla sijaacha masomo, nililipenda sana swali hilo. Niliporudi Lamu nikaona ni swali la watu wa miji mikubwa. Nairobi pete hiyo unapewa bure siku unayoshuka basi. Unaweza kuugua chumbani wiki nzima, na wa kwanza kugonga mlango akawa wakala anayedai kodi. Lamu pete haifanyi kazi. Vichochoro vya Mkomani ni vyembamba, gari halipiti. Punda wa mawe akija, unajibana ukutani, na aliyeketi barazani ameshaona umetoka wapi na umebeba nini. Ukinunua samaki sokoni, hujafika nyumbani mama ashaambiwa ni changu au ni tafi.

Kwa hiyo sisi wa mji mdogo wa pwani tuna swali letu: watu wakishajua kila kitu chako, wana deni gani kwako?

Jibu la zamani ni sitara, na hapa Lamu limejengwa kwa mawe. Nyumba za kale za mji huu, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zinaanza na daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe ambapo mgeni anaketi. Ukivuka mlango, njia inakata kona ili mpita njia asichungulie ndani. Juu ya vichochoro vingine kuna wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili, ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Waliojenga walielewa kwamba watu wakibanana hivi, lazima waachiane mahali pa kutoonekana.

Kisichositiriwa na ukuta kinasitiriwa na ulimi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasemi. Ada iliponishinda nikarudi bila shahada, mtaa mzima ulijua kabla begi langu halijashuka kwenye boti ya Mokowe. Mama anayeniuzia mahamri na mbaazi aliniuliza kitu kimoja tu: "Umerudi, mwanangu?" Nikamwambia nimerudi. Akaniongezea mahamri mawili. Ni mwaka wa tatu sasa, la shahada hajaligusa. Anajua, nami najua kwamba anajua. Bila ukimya ule sidhani ningeweza kukatiza mtaa ule kila asubuhi.

Lakini sitara hiyo hiyo inanitia hofu. Kuta za matumbawe ni nene, ila hazizuii kilio. Karibu na kwetu kulikuwa na nyumba ambapo usiku mke alipigwa. Asubuhi wanaume walimpa mume mkono barazani, stori zikawa ni kusi na bei ya mafuta ya boti. Ukigusia, unaambiwa: hayo ni mambo ya nyumba, wasitirini watu. Kijana akizama kwenye unga, familia inamfungia ndani ili aibu isitoke, mpaka siku anatoka kwenye jeneza. Mtoto akichezewa na mtu mwenye jina, wazee wanakaa, wanasuluhisha, na mtoto haulizwi. Wahenga walishaonya: mficha uchi hazai.

Wengi wa rika langu wakifika hapa hupanda basi kwenda kuitafuta pete. Wengine wanataka kila kitu kianikwe mtandaoni, picha na majina. Nawaelewa wote. Lakini pete inamsitiri mpigaji pia. Kwenye ghorofa za Nairobi kilio kinasikika vilevile, na jirani anaongeza sauti ya televisheni. Kuanika nako mara nyingi humwanika mpigwa kwanza: picha ya jicho lililovimba inazunguka kwenye simu hadi Malindi, na mwenye jicho bado hajapata pa kulala.

Aliyenionyesha njia nyingine ni bibi mmoja wa mtaa huo huo. Usiku kilio kilipoanza, alitoka na kibakuli akapiga hodi. "Naomba chumvi." Saa tano usiku! Mume akafungua, akampa. Siku nyingine kilio, hodi tena: kiberiti. Mara ya tatu hakuomba kitu. Alisimama mlangoni na wanawake wanne nyuma yake, akasema, "Mwanangu leo atalala kwangu." Asubuhi wakaongozana naye hadi kituo cha polisi, bibi amembebea mkoba. Hakuna aliyepayuka, hakuna aliyepiga picha. Ila kuanzia siku ile mume alijua kwamba anaonekana, na pale barazani watu walianza kukosa la kuzungumza naye.

Nimelifikiria sana tendo lile. Kwangu, bibi hakuvunja sitara. Ilikuwa imemfunika mume. Akaivuta, akamfunika nayo mke. Tangu hapo, nikiambiwa ninyamaze, najiuliza: nguo hii inamfunika nani, na nani amebaki uchi? Kama aliyefunikwa ni aliyeanguka, aliyeshindwa au aliyeumizwa, basi nitanyamaza kwa moyo mmoja na kumwongezea mahamri. Kama ni mwenye nguvu, kunyamaza kwetu ni kumshikia mlango.

Kuishi mji mdogo kuna gharama, na kila siku nailipa. Siwezi kupenda, kukosana wala kufulia nguo bila mtu kuniona. Lakini mji unaosikia kila kitu hauna ruhusa ya kusema haukusikia. Tunaojuana hivi tunadaiwa zaidi ya wasiojuana, na deni lenyewe mara nyingine linaanza na kibakuli kitupu na hodi ya saa tano usiku.