UNYENYEKEVU NA NIA YA TAJIRI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu, wengi wetu tuna watu chini ya mikono yetu: mwenye duka ana makarani, mwenye jahazi ana nahodha na mabaharia, mwenye shamba ana vibarua. Na mara nyingi twasikia matajiri wakilalama kwamba watu wao hawana hima. Basi yatupasa tuutazame moyo wa tajiri kabla ya mikono ya mtumishi.

Mtume (s.a.w.) alipokataza kiburi, mtu mmoja alimuuliza juu ya mwenye kupenda nguo nzuri na viatu vizuri. Akajibiwa kuwa hicho si kiburi. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi kanzu safi na joho havimtoi mtu katika unyenyekevu. Lakini karani akimwambia tajiri wake, "Bwana, mizani hii yapunja," naye akamfokea kwa kuwa ni mdogo wake, hapo ameikataa haki. Na mchukuzi akingoja ujira wake mlangoni tangu alasiri hata magharibi, ilhali fedha imo sandukuni, hapo amedharauliwa. Siku ya pili karani ataona kosa anyamaze, na mchukuzi atabeba kwa mwili pasipo moyo. Hasara hiyo haiandikwi daftarini, nayo yaila biashara kama mchwa alavyo boriti.

Mtazameni Abdur-Rahman bin Auf (r.a.). Alipohamia Madina hakuwa na kitu. Saad bin Rabii akataka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamuombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Akaanza kwa samli na jibini kavu, hata akawa katika matajiri wakubwa. Siku moja, naye amefunga, aliletewa chakula. Akamkumbuka Musab bin Umair, aliyeuawa Uhud mwaka 625, isipatikane sanda ila nguo moja: wakimfunika kichwa, miguu hufunuka. Akasema Musab alikuwa bora kuliko yeye, akahofu asije akawa amelipwa mema yake hapa duniani. Akalia, akakiacha chakula. Mali ilikuwa mkononi mwake, haikuingia moyoni.

Na juu ya nia, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba mfanya biashara anuie kutimiza fardhi ya kifaya, kwani lau biashara zote zingeachwa, watu wangeangamia. Mwenye nia hiyo humuona karani wake ni mwenziwe katika fardhi, si chombo cha kumpatia sifa. Na mtumishi aonapo tajiri aipokea haki na kulipa kwa wakati, hima humjia yenyewe.

Basi kila mmoja wetu, kabla ya kufungua duka asubuhi, na ajiulize: nafungua kwa ajili ya nani? Na jioni, kabla ya kufunga: ni nani anidaiye haki yake?

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutakase mioyo na kiburi na riya, na atubarikie chumo letu. Amin.