Kuwapandia Ndege Mbegu: Ni Ukarimu au ni Mtego?

Mkulima wa Bunagana aujua vema ugomvi wake na ndege. Mtama ukianza kukomaa, watoto hushinda shambani wakipiga kelele na kurusha mawe, maana njiwa na shomoro hawangoji mavuno. Basi atashangaa akisikia kwamba ziko nchi ambako mtu hulima shamba, hupanda, hupalilia, kisha havuni. Amewapandia ndege. Huko Marekani wawindaji hupanda uwele na alizeti kwa ajili ya njiwa. Kwa ajili ya bata wa mwitu hupanda mahindi au mpunga na kuuzamisha katika maji. Ndege waja kula, na mwenye shamba amejificha na bunduki yake.

Je, mtu huyo ametenda wema au hila?

Wapo wasemao upesi: ni hila, maana amewakaribisha wageni mezani ili awaue. Lakini tusihukumu kwa haraka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipouliza kama ni halali kumvizia adui vitani, alitenga mambo mawili: kudanganya kwa kusema uongo au kuvunja ahadi, na kuficha tu nia yetu. La kwanza alilikataza hata kwa adui. La pili aliliruhusu. Kwale hatukumwahidi neno. Tena, kuku wa nyumbani twamlisha kila siku, na sikukuu ikifika twamchinja, wala hakuna asemaye tumemsaliti. Kwa hiyo kulisha na kula si dhambi kwa yenyewe.

Hata hivyo, si kila chakula cha ndege ni sawa. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilikataza kuwinda bata wa mwitu kwa kumwaga nafaka chini, ikakataza pia kutumia bata hai waite wenzao. Hata leo mahali palipomwagwa nafaka huhesabiwa kuwa na chambo mpaka zipite siku 10 tangu punje zote kuondolewa. Lakini kuwawinda juu ya mazao yaliyosimama, yasiyovunwa, si kosa. Kwa nini sheria itenge hivyo? Miaka ile ukame ulikuwa umewapunguza bata sana, na chambo kiliwakusanya waliosalia mahali pamoja, wakauawa kwa wingi. Shamba lililosimama huwalisha wengi ambao hawapigwi kamwe, na huwaficha. Nafaka iliyomwagwa haina kazi nyingine ila kuua.

Hata kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili si geni. Magharibi ya Kenya, Waluo na Waluhya hutundika vikapu juu ya mti mrefu, ndani yake tombo hai. Wale wafungwa huita, na wenzao hushuka katika vitanzi. Huo ni ufundi wa zamani, na tombo apatikanaye ni kitoweo. Lakini katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, nchi hiyo hiyo, miaka ya karibu na 2010 watu walikuwa wakitega ndege kwa chakula kilichotiwa Furadan, dawa ya kuulia wadudu, kisha wakauza nyama yao. Hapo chakula chenyewe kimegeuzwa kuwa kifo, na aulaye mzoga, tai au mwanadamu, aila sumu ile.

Wahenga walisema: mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Apandaye mbegu kwa ajili ya kwale hamwiti kwale peke yake. Atakuja pia korongo mwenye taji, umusambi, ambaye ndugu zetu wa Uganda wamemweka katika bendera yao, na ambaye tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Na mtu apandaye ukingoni mwa Mbuga ya Virunga, iliyowekwa tangu mwaka 1925, ili wanyama waliokatazwa kuwindwa ndani watoke nje, huyo hakuvuka mpaka kwa miguu yake, lakini ameuvuka kwa mbegu zake. Aitaye yampasa ajue amemwita nani.

Tumfikirie na jirani. Bunagana mashamba yetu yagusana. Ndege niliowaita kwangu wakishiba hawaulizi mpaka uko wapi. Watahamia mtama wa mjane aliye kando yangu. Je, ni haki furaha yangu ya kuwinda ilipwe na debe lake?

Lipo na la njaa. Mwezi wa Juni 2022, vita vilipoingia Bunagana, watu wengi walivuka kwenda Kisoro wakiacha mashamba nyuma. Mahali palipopata majonzi hayo, pembe ya shamba isiyovunwa ina wadai wa kwanza kabla ya ndege. Kitabu cha Walawi chaamuru pembe hiyo iachwe kwa maskini na mgeni. Wakisha kushiba hao, ndege nao wapate. Na Torati hiyo hiyo ilimruhusu aliyekuta kiota achukue makinda, lakini ilimwamuru amwache mama aende zake. Maana yake: twaa, lakini usikaushe chemchemi.

Basi neno letu ni hili. Anayepanda kwa ajili ya ndege hatendi dhambi, mradi shamba lake lilishe wengi kuliko anaowatwaa, lisiwanase wasiopaswa kuuawa, wala lisile haki ya jirani wala ya mwenye njaa.

Lakini ruhusa hii yakoma kwa ndege. Kwale hatuna agano naye, mwanadamu tunalo. Yuko mtu ampaye mkimbizi unga leo, huku moyoni anahesabu siku ya kumdai shamba lake, au binti yake. Huyo hakusema uongo wowote, tena mikononi mwake watu waona ukarimu. Lakini amemwaga nafaka chini, na amejificha. Ndugu msomaji, kabla hujampa mwenzio chakula, jiulize: je, akiisha kushiba, yuko huru kwenda zake?