Daftari Lililobaki Ukurasa Uleule

Waliosoma chuo cha Iyunga, Mbeya, wanaijua Julai ya huko. Jua likizama tu, baridi inashuka kutoka milimani, na mwanafunzi anajisomea akiwa na sweta mbili na blanketi magotini. Ndio msimu wa mitihani ya muhula wa pili. Chuo kile kilianza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi Mbeya, mwaka 2005 kikawa taasisi, na mwaka 2012 kikapanda kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Vijana wengi wamepita pale, na wengi wanamkumbuka mwenzao aliyeangushwa na jambo ambalo halikuwamo kabisa kwenye karatasi ya maswali. Mimi namkumbuka niliyepanga naye chumba mtaa wa Ikuti.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa mkulima wa chai na migomba huko Rungwe. Darasani alikuwa kichwa. Mitihani ikikaribia, watu walijaa chumbani kwetu awapige pindi, naye alifundisha mpaka usiku wa manane bila kuchoka wala kumcheka asiyejua.

Mwaka mmoja, wiki tatu kabla ya mitihani, alibadilika. Simu ikiita, anatoka nje kupokea. Nikimuuliza kama nyumbani ni salama, ananijibu, "Salama tu, kaka." Tukienda kwa mama ntilie, anasema ameshiba. Nilikuja kujua baadaye kwamba baba yake alikuwa amelazwa, na kwamba bumu lake lote, fedha ya chakula ya muhula, lilikuwa limekwenda Tukuyu kumtibu mzee. Yeye alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku.

Jumatatu nilipita mezani kwake nikaona daftari la hesabu limefunguliwa, sentensi moja imepigwa rangi ya njano. Jumatano lilikuwa ukurasa uleule, sentensi ileile. Ijumaa rangi ilikuwa imepenya upande wa pili, karatasi imelainika kama iliyonyeshewa. Kila usiku wa wiki hiyo alikuwa anakaa hapo, honi ya treni ya TAZARA ikilia kwa mbali, mpaka jogoo anawika. Nikasema moyoni, huyu anakomaa kweli. Nikalala.

Siku ya mtihani mabegi na simu vilibaki mlangoni, kama ilivyo desturi. Alikaa mbele yangu. Nilimwona akiandika namba ya swali la kwanza na kuipigia mistari miwili kwa rula. Baada ya hapo shingo yake ikawa inageukia kule kwenye mabegi. Saa ya kwanza haijaisha, alinyoosha mkono, akakabidhi karatasi, akatoka.

Matokeo yalipotoka, alikuwa ameanguka masomo mengi kiasi kwamba hata sapu, yaani mtihani wa marudio, haikuweza kumwokoa. Akatakiwa kurudia mwaka. Hapo ndipo alipozipeleka karatasi za hospitali kwa mkuu wa idara. Alipokewa kwa upole, akaelezwa kwamba ombi la kuahirisha mtihani hupelekwa kabla, kwa maandishi na ushahidi. Ukishaingia ukajibu, kinachosahihishwa ni kile ulichoandika. Angezipeleka wiki moja mapema, angeweza kuruhusiwa kufanya mtihani maalumu baadaye. Na karatasi hizo alikuwa nazo siku zote. Zilikuwa ndani ya begi lile alilokuwa akiligeukia.

Mzee alipona. Aliposikia yaliyotokea alikuja Ikuti na mkungu wa ndizi, akakaa kitandani, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi niliugua mwezi mmoja, mwanangu. Mwaka huu mzima umeugua wewe."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenzangu alidhani kunyamaza ndio uanaume, na kwamba mtoto wa kwanza hapaswi kumsumbua mtu. Lakini hofu haikubali kukaa kimya kwa sababu wewe umekaa kimya. Akili inapokokotoa inashika mambo machache tu kwa wakati mmoja, na hofu ikishakaa hapo, hesabu inakosa pa kukaa. Mwaka 2011 watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza jinsi wanafunzi walioandika kwa dakika 10 hofu zao kuhusu mtihani, muda mfupi kabla ya kuufanya, walivyofanya vizuri zaidi, hasa wale waliozoea kuwa na wasiwasi. Kuandika tu kwenye karatasi kuliwasaidia. Sembuse kumwambia mtu?

Kwa hiyo, mdogo wangu unayesoma haya, nyumbani kukichafuka, usisubiri matokeo ndiyo yakusemee. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii. Peleka cheti cha hospitali kwa mshauri wa wanafunzi au mkuu wa idara kabla ya siku ya mtihani, hata kama unatumaini mambo yatatulia. Kubaliana na nyumbani mtu mmoja wa kukupa habari na saa maalumu ya kupiga simu, tuseme saa mbili usiku, ili mchana usikae unaisikilizia simu. Kula, hata kama ni kwa kukopa kwa mwenzako. Na ukiona umesoma sentensi moja mara tano bila kuielewa, funga daftari, ukatafute mtu wa kusoma naye. Kukesha juu ya ukurasa mmoja ni kujichosha tu.

Mwenzangu alirudia mwaka, akahitimu, na leo ana kazi yake. Lakini funzo hili ni langu pia. Nililala hatua tatu kutoka mezani kwake. Nililiona daftari Jumatatu, nikaliona Jumatano, nikaliona Ijumaa, na kila nilipojibiwa "salama tu" niliridhika, kwa sababu nami nilikuwa na mitihani yangu. Siku hizi, kwa yeyote ninayeishi naye, nikiona ukurasa haujafunuliwa kwa siku mbili, naketi kando yake na kuuliza. Na nikijibiwa "salama tu", nauliza tena.