MVUA TULIYOIOMBA

Kila mwaka, ifikapo Novemba, watu wa Singida huanza kuyatazama mawingu. Msimu wao wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Ukikosa, hakuna wa pili wa kuufidia. Ndiyo sababu kule sala ya kuomba mvua ni kilio cha baba aliyekwisha kukung'uta ghala.

Wasomaji wetu wengi wanaukumbuka ukame wa 2006. Malisho yalikauka, chakula kikapungua, na sehemu nyingi za nchi watu wakaomba mvua. Mwishoni mwa mwaka mvua ikaja, tena nyingi. Watu wakashukuru, na walifanya vyema. Lakini mwanzoni mwa 2007 ikazuka Homa ya Bonde la Ufa. Iliwaua kondoo, mbuzi na ng'ombe, kisha ikawashika watu. Dodoma iliumia sana, wala jirani yake Singida haikusalimika. Katika nchi nzima walikufa watu 144. Wataalamu hutueleza ya kuwa mbu waenezao homa hiyo hutaga mayai udongoni, penye mabonde yafurikayo, nayo huweza kukaa miaka yakingoja maji. Yaani mvua ile ile iliyootesha uwele na mtama ndiyo iliyowaangua mbu wale.

Tuseme nini, basi? Kwamba tuliomba samaki, Baba akatupa nyoka? Hasha! Au kwamba waliokufa walikuwa na dhambi kuliko sisi tuliopona? Neno hili tumelisikia kwa masikio yetu, tena matangani, nalo ni baya kuliko lile la kwanza. Rafiki zake Ayubu walisema vivyo hivyo, kwa maneno matamu ya dini, na Mungu akawakasirikia.

Yafaa wazazi wawasomee watoto wao mwisho wa kitabu kile. Ayubu aliuliza kwa nini, wala hakuambiwa. Mungu alimwonyesha bahari, nyota, wanyama wa porini, hata mvua inyeshayo jangwani pasipokaa mtu. Mkulima hutazama mvua kwa kipimo cha shamba lake, na hana kosa, maana shamba ndilo limlishalo. Mungu huitazama pamoja na lile jangwa. Kuyatumainia Maongozi yake ni kukiri kwamba yeye aona pote nasi twaona ekari mbili. Lakini mwenye kuona ekari mbili asijifanye msemaji wa yule aonaye pote! Sisi mapadre hatuna budi kujionya kwanza, kwa kuwa twaitwa kunena kaburini, na kaburini ulimi huteleza.

Wala tusimtwike Mungu yaliyo yetu. Wazee wa Ugogo, hata upande wa Manyoni ulio leo katika Mkoa wa Singida, walisimulia njaa kuu ya Mtunya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mvua ilikosa, ni kweli. Lakini kabla yake majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe, na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulikuta ghala zimekwisha kumalizwa na watu.

Mama aliyezika mtoto mwaka ule wa homa, akaendelea kuja kanisani kuomba mvua kila Novemba, hajapata jibu, wala sisi hatuna la kumpa. Pengine yeye ndiye angetufundisha maana ya kutumaini. Kwa Ayubu mwishoni walikuja ndugu zake na dada zake na wote waliomjua zamani, wakala naye chakula nyumbani mwake, na kila mtu akamwachia kipande cha fedha.