Ukarimu Ulio Mizizini mwa Kunde

Ng'oa mche mmoja wa kunde uliofikia kuchanua, taratibu, udongo ukiwa bado na unyevu wa mvua. Utikise, kisha itazame mizizi yake. Utaona vinundu vidogo vya duara vimeshikamana nayo kila upande. Wengi huvidhania ugonjwa na kuutupa mche. Wewe usiutupe. Pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Kama kiko kazini, ndani yake ni chekundu, wekundu wa nyama mbichi, na kinachokipa rangi hiyo ni protini yenye chuma ambayo ni jamaa wa ile inayoifanya damu yako kuwa nyekundu. Ndani ya mmea! Nimevipasua vinundu hivi mara nyingi, na kila mara huishia kumtukuza Aliyeviweka pale.

Humo ndani wanaishi bakteria, na kazi yao ni ya ajabu kuliko rangi yenyewe. Katika hewa tunayoivuta, asilimia 78 hivi ni naitrojeni, na hakuna jani wala msuli unaoweza kujengwa bila naitrojeni. Hata hivyo mmea unaozungukwa na hewa hiyo usiku na mchana unaweza kufa kwa kukosa naitrojeni, kwa sababu atomi zake hushikana mbili mbili kwa nguvu kubwa mno. Viwanda vya mbolea huzitenganisha kwa joto la nyuzi 400 za Selisiasi au zaidi, na kwa mgandamizo unaokaribia mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida. Kiwanda kikubwa cha kwanza cha namna hiyo kilianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Bakteria wa kunde wanaifanya kazi hiyohiyo bila moto na bila mlio wowote, katika udongo uleule unaopita juu yake ukienda kuanika nguo.

Kunde huwapa bakteria hao sukari iliyotengenezwa kwa mwanga wa jua, nao huipa naitrojeni. Oksijeni ikizidi huiharibu kazi yao, ikikosekana hawana pumzi ya kuifanya. Ndipo ile protini nyekundu inapoishika oksijeni na kuwagawia kwa kiasi. Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth wa Ujerumani walitangaza mwaka 1886 kwamba jamii ya kunde huipata naitrojeni ya hewani kupitia bakteria wa vinunduni, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe. Babu zetu hawakuwahi kuwaona bakteria hao, lakini waliichanganya kunde na mtama na mahindi katika shamba moja, na walijua kwamba palipovunwa kunde, zao linalofuata hustawi. Mizizi na majani yakiozea pale, naitrojeni hubaki udongoni, na mchicha utakaopandwa baadaye hula chakula ambacho haukukitafuta.

Nimeanza na kunde kwa sababu hapo ndipo ninapoliona wazi kabisa jambo ninaloliamini kuhusu bustani: Muumba ameijenga juu ya kutoa. Kila kiumbe kilichomo kinaishi kwa kile ambacho kingine kimekitoa, kuanzia chini gizani.

Tazama maboga. Hapa Tanga tunayaacha yatambae juu ya ua wa makuti, na asubuhi ndiyo saa yake. Ua la boga hufunguka alfajiri, na ikifika adhuhuri limekwisha kunyauka, wala halifunguki tena. Saa hizo chache ndizo umri wake wote wa kazi. Katika mmea mmoja mna maua dume, yenye vikonyo vyembamba virefu, na maua jike, ambayo chini yake tayari pana kiboga kidogo cha kijani kinachosubiri. Kisipofikiwa na chavua hugeuka njano na kudondoka. Na chavua ya boga ni nzito, inanata, upepo hauwezi kuifikisha popote. Ni lazima iletwe na mdudu. Nao huja! Simama hapo jua linapochomoza na utawasikia nyuki kabla hujawaona: sauti inatoka ndani ya ua, kisha nyuki mwenyewe anajitokeza, mgongo mzima umejaa unga wa njano, na kuingia ua la pili. Ua limempa utamu, yeye amelibebea chavua, kiboga kinaanza kuvimba. Mwisho wake ni boga lililopikwa kwa tui la nazi, futari ya mwezi wa Ramadhani, katika nyumba ambazo hazikulima hata tuta moja.

Nyanya nazo zina siri yao. Chavua yake haikai wazi. Imefungiwa ndani ya vijaluba vyembamba vya njano vilivyo katikati ya ua, na hutoka kupitia upenyo mdogo ikiwa ua litatikiswa. Upepo husaidia. Lakini wapo nyuki waliopewa ufundi wa kulikumbatia ua na kutetemesha misuli ya kifua mpaka chavua ikamwagika. Nyuki wa asali hawezi. Mmoja wa wanaoweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti za paa, ambaye wengi wetu humfukuza kwa ufagio. Tangu nilipolijua hilo, matundu yake kwenye nguzo za kibarazani kwetu nimeyaacha kama yalivyo.

Alizeti huhitaji sentensi chache tu, kwa kuwa kila mtu ameitazama. Ile sahani kubwa tunayoiita ua moja ni mkusanyiko wa vijiua mamia, vimepangwa kwa mizunguko inayopishana, na ukiihesabu mizunguko hiyo mara nyingi utapata 34 kuelekea upande mmoja na 55 kuelekea mwingine. Ikiwa changa hulifuata jua kutwa, na usiku hurudi kuelekea mashariki kulingoja. Ikikomaa husimama ikitazama mashariki daima. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza sababu mojawapo: ua linalotazama mashariki hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hulipenda ua lenye joto.

Jioni bustani hubadilisha zamu. Asumini, iliyofumba mchana kutwa, huanza kufunguka jua likishuka, na weupe wake na harufu yake huwaita nondo gizani. Watu wa pwani tumeijua saa hiyo tangu zamani. Wakati huo ndipo huja hodi mlangoni: bibi wa nyumba ya tatu, ana mjukuu anayeolewa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kukuomba asumini na mrehani, nimfungie bibi harusi kikuba."

Anachuma mwenyewe, vikiwa bado vitumba, maana anajua vitafunguka kifuani mwa mwenye kuvivaa. Na hajawahi kuja mikono mitupu. Mara huleta mbegu za bamia zilizofungwa kwenye kipande cha kanga, mara kikonyo cha waridi cha kuchomeka, mara mbegu za kunde alizozichanganya na majivu ili zisitobolewe na wadudu. Nusu ya vinavyoota kwetu vimetoka uani kwake, na tembele linalotambaa kwake lilikatwa kwetu. Hakuna anayeweka hesabu. Bustani haituruhusu kuweka hesabu, kwa kuwa inatoa kuliko tumbo la nyumba moja linavyoweza kula: bamia usipoichuma kila baada ya siku moja au mbili hukomaa ikawa ngumu, na mchicha ukisubiriwa hutoa maua. Mwenyezi Mungu amevifanya vitu hivi viharibike mkononi mwa mwenye kuving'ang'ania.

Ninawasikitikia watu wanaomwaga zege ua mzima mpaka mlangoni ili nyumba ionekane safi. Wamelifunika jambo ambalo wangeweza kulitazama kila siku bila kulipa kiingilio. Mwenye chumba cha kupanga naye hajanyimwa. Gunia lililojazwa udongo na samadi, likatobolewa ubavuni na kuchomekwa miche ya sukumawiki, limelisha familia nyingi katika mitaa iliyobanana ya Kibera, Nairobi.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Kabla hazijafika, tafuta kipande cha ardhi, au gunia, au hata debe lililotoboka, ujaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Ukipewa mbegu, pokea. Ukizivuna zako, mgawie aliye jirani nawe, awe ndugu au mgeni. Anza na mchicha. Gramu moja ya mbegu zake ina punje zaidi ya 1,000, mboga huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, na ukiuacha mche mmoja tu mpaka uzae, mbegu zake zitatosha mtaa mzima msimu unaofuata.