MEZA YA SIKUKUU NA MEZA YA KILA SIKU



Tufungue Nehemia sura ya 8. Watu walikusanyika Yerusalemu, wakasomewa Torati, wakalia machozi. Nehemia, Ezra na Walawi wakawazuia, wakawatuma waende kula vinono na kunywa vitamu, na wasio na kitu wapelekewe fungu lao. Mnaona? Basi ndugu anayefundisha kwamba kuku wa kukaanga ni dhambi, na aketi kidogo tusome pamoja.

Lakini ile ilikuwa siku takatifu, haikuwa desturi ya kila jioni. Hata baba wa mwana mpotevu alichinja ndama mmoja tu, naye alikuwa amenoneshwa kwa siku nyingi. Sisi je? Tumeacha pombe, Mungu asifiwe, kisha tukaweka sukre mahali pake. Chupa moja ya sentilita 33 hubeba karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko 7 vidogo vya chai. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, lilishauri mtu mzima asipite gramu 50 hivi kwa siku. Kwa chupa mbili umekwisha kupita. Na chai ya asubuhi? Na mandazi?

Siku zingine tunacho chakula chema tunachokidharau: sombe, lengalenga, maharagi, ndagala. Mama wapendwa, msichome mawese mpaka yawe meupe. Ule wekundu ndio unaoupa mwili vitamini A, nanyi mnaufukuza kwa moto. Makayabo yalowekwe, maji yabadilishwe mara kadhaa, chumvi itoke. Wenye damu ya kupanda wanajua kwa nini nasema hivyo.

Sasa nasema na kamati za sherehe. Kwetu mgeni akikataa sukre tunadhani ametudharau. Kwa hiyo mama mwenye kisukari anakunywa kwa kuona haya, na sisi tunapiga makofi! Je, huo ni upendo? Maji safi yawekwe mezani mbele ya watu, si nyuma ya jikoni, na anayeyaomba asiulizwe sababu. Naye mgonjwa asijifungie nyumbani. Kipande cha nyama, wali kidogo, mboga nyingi, afurahi pamoja nasi kadiri daktari wake alivyomruhusu. Ila asiache dawa, wala asishinde njaa akingojea karamu ya usiku, maana kuna dawa ambazo ukimeza bila kula, sukari hushuka mpaka mtu anaanguka.

Tena yale mafungu ya Nehemia tusiyasahau. Yatengwe kabla sisi hatujagusa sahani, yasiwe mabaki na mifupa. Jumapili hii baada ya ibada, mashemasi watapita kuandika majina ya wajane, wazee na wagonjwa wa kila mtaa. Mwenye kumjua jirani asiyeweza kutembea, atuambie.