Niende Jeshi? Maksai wawili wa baba walinifundisha



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili hapa Bariadi, kijana mmoja wa kwaya alinivuta pembeni. Amemaliza Form Six na jina lake limo kwenye orodha ya wanaokwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Akaniambia, "Kaka, hiyo miezi mitatu wala hainisumbui. Shida ni baada ya hapo. Nyumbani wanataka niombe kujitolea JKT, halafu nitafute njia ya kuingia JWTZ. Mimi sijui kama nataka. Halafu hivi Mkristo anaruhusiwa kweli kushika bunduki?"

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza. Pia kwa sababu swali hili liliwahi kutugharimu sana nyumbani kwetu.

Tuanze na bunduki. Fungua Luka 3:14. Askari wanamwendea Yohane Mbatizaji mtoni na kumuuliza wafanye nini. Yohane hakuwa mtu wa kuficha maneno. Ndiye aliyemkemea hata mfalme Herode. Lakini hakuwaambia waache jeshi. Aliwataka wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Akida wa Kapernaumu naye alikuwa mwanajeshi, na Yesu aliistaajabia imani yake. Maneno yake ya unyenyekevu ndiyo msingi wa yale tunayosali katika kila Misa kabla ya kukomunika. Kornelio wa Matendo sura ya 10 naye alikuwa akida, na Petro aliamuru abatizwe.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unafundisha kwamba wanaotumikia nchi yao jeshini ni watumishi wa usalama na uhuru wa watu, na wakiifanya kazi hiyo vizuri wanachangia amani. Sisi Watanzania tunalielewa hilo. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, aliyeamuru yaondolewe ni Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa Misa ya kila siku, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Lakini hati hiyohiyo inasema jambo la pili ambalo wengi hatulisikii. Amri ya kutenda uovu, kama kuua watu wasio na hatia, haihalalishwi na utii. Huwezi kumwambia Mungu, "Niliamriwa." Na mtu ambaye dhamiri yake inamkataza kabisa kutumia silaha anastahili kuheshimiwa, ili mradi akubali kuitumikia jamii kwa njia nyingine. Mtakatifu Martino wa Tours alikuwa askari alipolikata vazi lake na kumpa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Baadaye aliacha jeshi, akawa mtawa, kisha askofu. Alimpata Kristo akiwa ndani ya sare, na Kristo huyohuyo akamtoa humo.

Basi mlango wa jeshi uko wazi kwa Mkatoliki. Linabaki swali gumu zaidi: je, ni mimi ninayeitwa? Na ninaingia kwa njia gani?

Hapa inabidi niseme la kwetu. Matokeo yangu ya Form Six hayakuwa mazuri. Bei ya pamba mwaka ule ilikuwa ya kukatisha tamaa. Nikirudi kutoka kisimani nasikia watu wananong'ona, "Huyu si ndiye aliyesomeshwa?" Nikaanza kuwaza jeshi usiku na mchana. Akatokea jamaa mmoja, maneno matamu, anadai ana mtu wake huko juu na nafasi ipo, ila "inahitaji maji ya kunywa". Baba alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Aliwapeleka mnadani. Pesa zikatolewa usiku, bila karatasi wala shahidi. Jamaa akasema tusubiri wiki mbili. Wiki ya tatu simu yake haikupatikana, na hadi leo haipatikani.

Mvua za Novemba zilipoanza, majirani walifunga plau. Sisi tukaingia shambani na jembe la mkono, baba akiwa mbele na mimi nyuma yake. Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningepumua.

Kabla ya Noeli nilikwenda kuungama. Nikamweleza padre habari ndefu ya yule tapeli, hasira zangu, na jinsi nilivyomwombea mabaya. Padre akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, na kama angekuwa mkweli? Hiyo nafasi ungemnyang'anya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja kama mtu aliyeibiwa, nikatambua kwamba nilikuwa mnunuzi. Mahali fulani, labda Meatu au Maswa, kulikuwa na kijana mwenye sifa ambaye baba yake hakuwa na maksai wa kuuza. Mimi nilitaka kuketi kwenye kiti chake. Na ningeupata huo mlango wa nyuma, ningewezaje kuyashika maneno ya Yohane Mbatizaji? Aliyeingia kwa maksai wawili atataka kuwarudisha maksai wake, na atawarudisha kupitia mfuko wa mama wa watu aliyebeba nyanya.

Kwa hiyo mdogo wangu, nakupa haya manne.

Kwanza, miezi yako mitatu kambini ifanye iwe mafungo. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa mwanajeshi, akavunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Kitandani aligundua kwamba mawazo ya sifa za vita na za kumpendeza binti wa watu yalimfurahisha, kisha yakamwacha mkavu. Mawazo ya kumtumikia Mungu yalimwachia furaha iliyobaki. Nawe jipime hivyo. Ukijiwazia umevaa kombati unapita stendi ya Bariadi watu wanakugeukia, furaha hiyo inadumu kwa muda gani? Na ukiwa lindoni saa nane usiku, baridi imekubana, hakuna anayekuona, je, moyo unasema, "Hii ni kazi yangu"? Andika unachokisikia. Usiamue kwa sababu ya mchakamchaka wa siku moja, uwe mtamu au mchungu.

Pili, zungumza na wazazi. Waheshimu, wasikilize, kwa sababu wanaogopa njaa ambayo wewe huijui. Lakini Katekisimu inafundisha kwamba ni haki na wajibu wa kijana aliyekua kuchagua kazi na hali yake ya maisha, na wazazi wasimlazimishe. Waambie kwa upole, siyo kwa kususa chakula.

Tatu, usilipe hata shilingi mia. Nafasi za kujitolea JKT hutangazwa wazi na maombi hupitia ofisi za serikali za mkoa na wilaya. Haziuzwi. Anayekuuzia ni mwizi, na kama si mwizi basi anakuuzia haki ya mwenzako. Vilevile usipunguze umri, usichezee cheti, usifiche mtoto uliyemzaa ili uonekane huna familia. Kiapo kilichojengwa juu ya uongo ni mzigo utakaoubeba kila siku unapovaa sare.

Nne, tazama gharama. Desemba 2017, kule Semuliki mashariki mwa Kongo, askari wa Tanzania zaidi ya kumi waliuawa wakiwa kwenye kazi ya kulinda amani. Walikuwa watoto wa watu kama wewe. Ukienda, nenda ukijua kwamba unaweza kuombwa uhai, na siku nyingine unaweza kuombwa jambo ambalo dhamiri inalikataa. Je, una maisha ya sala ya kukusimamisha siku hiyo? Kama huna, anza leo, hata kama utaishia kuwa fundi cherehani.

Mimi sikuwa askari. Baba alikaa misimu mitatu kabla ya kufunga maksai tena. Siku aliyowaleta nyumbani aliniita, akanipa kamba ya mmoja, akasema, "Huyu ni wako, mfundishe mwenyewe." Hakusema zaidi. Nililia huko nyuma ya zizi.

Tusali:

Ee Bwana, wewe uliyestaajabia imani ya akida, utazame moyo wa kila kijana anayesubiri jina lake kwenye orodha. Ukimwita kulinda, mfanye mlinzi wa wanyonge. Usipomwita, mwondolee aibu isiyotoka kwako. Utuepushe na milango ya nyuma. Mtakatifu Martino, utuombee. Amina.